Kelele ya jenereta si nguvu yake

Wandugu wachimbaji, na nyinyi wamama mnaobaki Uvira, Sange na Baraka mkingojea simu kutoka kariere, leo tuongee juu ya ile mashine iko karibu kila kambi: jenereta, ile wengi wetu tunaita grupe.

Watu wengi wanaichagua kwa masikio. Muuzaji anavuta kamba, mashine inanguruma, soko nzima inageuka, na mnunuzi anasema: «Hii ndiyo iko na nguvu.» Mimi nasema hapana. Mashine yenye kelele nyingi mara nyingi ni mashine inayozunguka mbio hata wakati haina kazi ya kufanya, na esansi inaenda bure. Mtu anayepanda mlimani kulala chini ya bashi miezi miwili, mitatu, anunue jenereta ndogo, yenye kutulia na yenye kuwaka kila siku, hata kama bei yake iko juu zaidi. Halafu aiweke mbali na pale watu wanalala. Hilo la pili ndilo linaokoa maisha.

Kuko watu watasema utulivu ni starehe ya matajiri. Marekani, katika hifadhi za taifa, mtu anayelala ndani ya gari lake haruhusiwi kuwasha jenereta inayopita desibeli 60 ukipima kwa umbali wa mita 15. Wale ni watu wa kupumzika tu. Sisi je? Mchimbaji ameshinda na nyundo na tarinda, kesho saa kumi na mbili anarudi shimoni. Akili yake isipopumzika, ni yeye atakosea kuweka mti wa kushikilia ukuta wa shimo. Tena usiku kambini, masikio ni mlinzi. Ni masikio yanasikia mvua inaanza kule juu, jiwe linapasuka, mtu anaita kutoka chini. Watu wa Uvira hawajasahau Mulongwe ilivyofurika Aprili 2020. Kamituga hawajasahau tarehe 11 Septemba ya mwaka ule ule, vile mvua ilijaza mashimo na kuua makumi ya watu. Mahali pa hatari kama hapo, kufunika masikio ya kambi nzima kwa ajili ya ampuli tatu na muziki, mimi naona ni hesabu mbaya.

Sasa, utachagua namna gani? Anza na karatasi na kalamu, usianze na duka. Andika kila kitu unataka kuwasha na wati zake. Ampuli ya LED ni wati 5 mpaka 10. Telefone inayochajiwa, karibu hivyo hivyo. Tele ndogo, wati 50 ao zaidi kidogo. Jumlisha. Kambi nyingi hazifiki hata wati 300, lakini zinabeba mashine ya wati 3.000. Kama kuko frigo ya mama anayeuza vinywaji, ao motopompe ya umeme, kumbuka kwamba moteri ikianza kuzunguka inavuta mara tatu na zaidi ya wati zake za kawaida, kisha inatulia. Hiyo ndiyo sababu jenereta inazima papo hapo, na watu wanasema eti imerogwa.

Jambo la pili: ile namba kubwa kwenye karton si namba ya kazi. Ni nguvu ya juu kabisa, ambayo mashine inaweza kutoa kwa muda mfupi tu. Tafuta namba ndogo iliyoandikwa kwenye kibati cha mashine, nguvu ya kila saa. Halafu punguza tena, juu ya milima yetu. Kwa jenereta ya esansi, kila mita 300 unazopanda, moteri inapoteza karibu asilimia 3,5 ya nguvu, sababu hewa inakuwa nyepesi. Ziwa letu lenyewe liko karibu mita 770 juu ya bahari: hapa Uvira umeshapoteza karibu asilimia 9. Ukipanda mpaka mita 2.000 kule Itombwe, karibu robo ya nguvu imeenda. Muuzaji wa Uvira hatakuambia.

Jambo la tatu ni aina ya mashine. Kuko zile ndogo ambazo unachanganya esansi na mafuta ya moteri ndani ya tanki moja. Bei yake ni chini, lakini moshi ni mwingi, sauti ni kali, na ukikosea kipimo cha mafuta, pistoni inashika. Kuko zile za kawaida zenye mafuta ya moteri mahali pake, na fremu ya vyuma wazi. Hizo zinazunguka karibu mara 3.000 kwa dakika wakati wote, ukiwasha ampuli moja ao ishirini, sababu umeme wetu wa 50 Hz unadai hivyo. Aina ya tatu ni inverta: iko na kifaa cha kielektroniki kinachotengeneza umeme sawa hata moteri ikipunguza mwendo. Kazi ikiwa kidogo, inanong'ona. Mfano, Honda EU2200i inayouzwa Marekani ni desibeli 48 ikifanya robo ya kazi na 57 ikifanya kazi yote, kwa umbali wa mita 7. Tanki yake ni lita 3,6 tu: kwa kazi yote inaenda masaa matatu na kidogo, kwa robo ya kazi inafika masaa 8. Uzito wake ni kilo 21, mtu mmoja anaibeba. Lakini angalia: hiyo ya Marekani inatoa volti 120, haifai kwa vyombo vyetu. Ukinunua mashine iliyotumika, soma kwanza kama imeandikwa volti 220 ao 230 na 50 Hz.

Si kila mtu atapata inverta, najua. Basi nunua ile ya kawaida yenye mafuta ya moteri mahali pake, lakini ndogo inayotosha kazi yako, na uichunguze. Bidhaa zinafika Kalundu kwa boti kutoka Kigoma, zingine zinapita Kavimvira kutoka Bujumbura, na kati yao kuko majina yanayofanana na majina makubwa, herufi moja tu imebadilika. Soma jina polepole. Inua mashine: ikiwa nyepesi kuliko zingine za nguvu ile ile, uliza kama waya za ndani ni shaba ao aluminiamu, sababu aluminiamu inapata moto na kuungua mapema. Omba iwashwe ikiwa baridi, si ile waliyoiwasha tangu asubuhi. Uiwekee mzigo kwa dakika 20, uone kama ampuli zinachezacheza. Na uulize fundi wa kule unakoenda kama anapata buji na kamba ya kuvutia ya mashine hiyo. Jenereta isiyo na vipuri Misisi ni chuma cha kukalia tu.

Ukishanunua, uaminifu wake uko mikononi mwako. Badilisha mafuta ya moteri baada ya masaa 20 ya kwanza, kisha kila masaa 100, na mapema zaidi pale vumbi ni nyingi. Piga filtri ya hewa kila siku chache. Esansi ya chupa, ile ya wale tunaita Kadafi, iache itulie kwanza: maji yanakaa chini, unayaona. Halafu uichuje kwa kitambaa safi.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Moshi wa jenereta uko na hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi tunayohitaji. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kuisha nguvu. Mtu anasema ni malaria, analala, haamki. Mashine yenye kutulia inaua vilevile kama yenye kelele. Pengine inadanganya zaidi, sababu watu wanaona haiwasumbui, wanaiingiza ndani. Wengine wanaiingiza kwa kuogopa wezi. Tafadhali: ifunge kwa mnyororo kwenye mti ao nguzo, lakini isipungue mita 6 kutoka pale watu wanalala, bomba la moshi likitazama upande mwingine. Watu wa ziwa wanajua kwamba mchana upepo unatoka ziwani, na usiku unashuka kutoka milimani. Kwa hiyo mahali pazuri pa mchana panaweza kuwa mahali pa kifo usiku. Ukitaka kupunguza sauti, iweke juu ya mpira wa gari la zamani na upange mifuko ya mchanga upande mmoja. Usiifungie ndani ya sanduku ao kibanda.

Na shimoni, hapana kabisa. Wala mdomoni mwa shimo. Maji yakijaa, kishawishi ni kushusha motopompe ya esansi karibu na maji. Moteri ibaki juu, mbali, upande ambao upepo hauleti moshi shimoni. Chini iende mpira ao waya tu. Mtu akianguka chini, zimeni moteri kwanza, pelekeni hewa, msimfuate mbio. Yule wa pili na wa tatu wanakufa kwa kutaka kumuokoa wa kwanza.

Hapa nataka niseme na PDG wa mashimo na wakubwa wa koperative. Mpira mrefu na waya ndefu ni gharama yenu, si ya kreza. Mnaweka kando pesa ya esansi na ya chakula kabla ya kugawa mali. Wekeni kando pia ya mita hizo. Na SAEMAPE, ambayo kazi yake ni kusaidia wachimbaji wadogo, ingeandika amri moja fupi na kuibandika kila kariere kwa Kiswahili: moteri isikaribie shimo wala bashi ya kulala.

Wamama, na nyinyi muko na neno. Mume ao mtoto akipiga simu akisema usiku kichwa kinamuuma na asubuhi akitoka nje kinapona, msimtumie dawa ya malaria tu. Mumuulize: jenereta mnaiweka wapi?