Faini inatoka mfuko wa nani?

Wakimbizi wenzangu, na nyinyi wenyeji wa Bwera na Kasese, tuseme kidogo juu ya faini anayotozwa mwanaume aliyempiga mke wake.

Sheria ya Uganda juu ya ukatili wa nyumbani, ya mwaka 2010, inasema mwenye hatia anaweza kufungwa hadi miaka 2, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 960,000, au vyote viwili. Korti ya LC inaweza kutoza hadi 500,000. Faini ya hakimu inaingia serikalini. Mama aliyevunjwa mkono hapati hata mia.

Na pesa hiyo inatoka wapi? Inatoka nyumba ile ile. Ni mbuzi, ni maharagwe ya msimu, ni ada ya mtoto. Mara nyingi mama mwenyewe ndiye anayezunguka kukopa ili baba atoke, maana akifungwa nani atalima? Sisi wahudumu wa kujitolea tunayaona matokeo. Mama anakuja jicho limevimba, ukimwuliza anasema alianguka akiteka maji. Sheria anaijua. Anapiga hesabu tu.

Sisemi wanaume waachwe (wako watakaofurahi kusoma hivyo, wasifurahi). Nasema tuombe kile ambacho sheria inaruhusu na sisi hatukiombi. Hakimu anaweza kuamuru fidia ilipwe kwa mama mwenyewe, juu ya faini au kifungo. LC nayo inaweza kuamuru fidia, au kazi ya jamii: mtu achimbe choo cha shule, mbuzi abaki kwa watoto. Na mume akirudia kosa, LC haitakiwi kumtoza tena na kumwachia. Ipeleke kesi polisi na kwa hakimu.

Wazee wanaomaliza kesi kwa kula mbuzi, waulize kwanza mbuzi huyo alikuwa wa nani.

Mama, ukipigwa njoo kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama hujaamua kushtaki. Ukienda polisi, omba Fomu 3 majeraha yaandikwe. Fomu hiyo hailipiwi. Tunza karatasi zote. Kortini ukiulizwa unataka nini, sema “fidia”, kisha taja dawa, nauli ya bodaboda hadi hospitali ya Bwera, na siku ambazo hukuweza kushika jembe.