Ukifika Kyumbi, Shuka

Basi likipunguza mwendo pale Kyumbi, njia panda ya Machakos, kabla halijasimama sawasawa, madirisha huwa yamekwisha kujaa mikono. Ndizi, machungwa ndani ya neti, ndoo za maembe msimu wake ukifika, mayai ya kuchemsha na kachumbari yake, mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwa maganda yayo hayo. "Onja kwanza, mwanangu," mama mmoja atakuambia, na embe tayari limekaa kiganjani mwako. Utataja bei, atakataa, mtacheka wote wawili, dereva atapiga honi, na mtapatana gari likianza kusogea. Kwa msafiri wa barabara ya Mombasa hizo ni dakika mbili za njiani. Kwa watu wa Kyumbi ndizo riziki, ndizo habari za siku.

Nawaandikia, wasomaji wangu, kwa sababu ya dakika mbili hizo. Tuliwahi kunyimwa, tukazililia, tukaapa kwamba zikirudi tutajua thamani yake. Zimerudi, nasi tumepandisha vioo vya magari.

Turudi nyuma kidogo. Kafyu ya Korona ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili ikatangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka eneo la Nairobi, na kwa upande wa Machakos eneo hilo lilihesabiwa kufika Athi River na Katani. Kyumbi ikabaki nje ya mstari. Siku sita baadaye ikawa Pasaka. Anayeijua Ukambani anajua Pasaka ni nini katika barabara hii: watoto wa Nairobi wakirudi nyumbani na mikate, sukari na majani ya chai, magari yakijipanga, njia panda ikichemka. Mwaka huo lami ilikaa kimya, yakapita malori ya mizigo tu.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Machi 2021, Nairobi, Kiambu, Kajiado, Nakuru na Machakos zikafungwa pamoja. Safari hii Kyumbi ikawa ndani ya mstari, na Makueni, jirani yetu wa chini kidogo tu ya barabara, ikawa ng'ambo. Pasaka iliangukia tarehe 4 Aprili. Kwa hiyo mwaka wa kwanza Kyumbi ilitengwa na wana wake walio Nairobi, na mwaka wa pili na wakwe na mashemeji zake walio Makueni. Pasaka mbili mfululizo! Nikumbukapo hilo, hata leo moyo hunishuka.

Sisemi haya kulaumu. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na Wakenya zaidi ya 5,600 wameandikwa kuwa walikufa kwa Korona. Nasema ili tukumbuke kilichokuwa mkononi mwetu kabla hakijaondolewa, maana vingi kati ya vitu hivyo havikuwa na jina wala bei, na kisicho na bei ni rahisi kukipuuza.

Chukua usiku wenyewe. Huku kwetu jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi. Kafyu ya saa moja ilimaanisha kwamba giza likianza tu kutanda, mkaa unamwagiwa maji, vibanda vinafungwa, kila mtu anakimbilia kwake. Na njia panda huishi usiku. Hapo ndipo dereva wa lori aliyetoka Mombasa hunyoosha mgongo, utingo wake huagiza chai ya pili, bodaboda hubishana kuhusu mpira, na mchoma mahindi hupepea moto huku akijua habari za kutoka Mariakani hadi Malaba bila kutoka mahali pake. Saa za kafyu zilisogezwa mara kadhaa, lakini yenyewe haikuondoka hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Karibu miezi 19 tuliishi bila usiku wetu.

Kisha kulikuwa na hofu. Wazee walitufundisha: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka wa 2020 methali hiyo iligeuzwa miguu juu, mgeni akawa ndiye wa kuogopwa asimwambukize mwenyeji. Dereva wa lori, yule yule aliyekuwa akipokewa kwa kelele na utani, alipotajwa katika habari za vipimo vya mipakani, watu walianza kumwekea chai juu ya jiwe na kurudi nyuma hatua tatu. Kwa mahali palipoishi kwa kupokea wapita njia tangu barabara ijengwe, sijui kama kuna jeraha lililozidi hilo.

Matatu ya watu 14 ilibeba 8. Nilipanda siku moja kwenda mjini Machakos, kila abiria ametazama dirisha lake, barakoa hadi chini ya macho, kiti cha katikati kitupu. Hakuna aliyeuliza "Umetoka wapi?" Hakuna aliyempakata mtoto wa mwenzake. Tulizoea kulalamika kwamba matatu zinatubana. Siku hiyo nilitamani kubanwa. Nafasi zote ziliporuhusiwa tena, tarehe 9 Agosti 2021, mama mwenye kikapu alinikalia nusu paja, akaniomba radhi, tukaongea hadi stendi. Sikumbuki tuliongea nini. Nakumbuka nilishuka nikiwa mwepesi.

Nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba humwita susu, alikuwa na namna yake ya kusalimu. Akikushika mkono hauachilii. Anauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za masomo, na muda wote huo mkono wako umo ndani ya mkono wake, mkavu, wenye joto. Makanisa yalipofunguliwa tena Julai 2020, waliozidi miaka 58 waliagizwa kubaki nyumbani. Jumapili zote hizo susu alivaa nguo zake za kanisani, akafunga kitambaa, akakaa kwenye kigoda uani, redio mbele yake. Mimi nilisimama langoni nikampungia. Aliinua mkono wake, akaushika kwa mkono wake mwingine, akautikisa taratibu. Alikuwa akinisalimu kwa kujisalimu mwenyewe.

Na mazishi. Watu 15 tu. Jirani uliyechota naye maji miaka 30 anazikwa, nawe umesimama upande wa pili wa ua, huwezi kupika, huwezi kuimba, huwezi hata kumshika mjane bega.

Sasa hayo yote tunaweza kuyafanya. Ndipo swali langu kwenu, ndugu zangu: tunayafanya? Susu uliyemwahidi wakati wa kufungiwa kwamba barabara ikifunguka utakuwa nyumbani, umekwenda mara ngapi? Yule rafiki mliyesema mtakutana "Korona ikiisha", mmekutana, au mnatumiana picha za maua kwenye simu kila asubuhi? Nendeni. Nendeni mikono mitupu ikibidi, kilo moja ya sukari ikipatikana.

Wenye vibanda, nawasihi: zile ndoo zenye mfereji na kipande cha sabuni mlizoweka mlangoni, msiziondoe. Kuhara na homa za kawaida hazikusubiri Korona, na mkono uliooshwa husalimu kwa furaha zaidi. Wasafiri, mtu akiwa na kikohozi, avae barakoa na aketi karibu na dirisha. Hilo tulijifunza kwa gharama kubwa mno kulitupa. Na ninyi wa kaunti, pale mnapokusanya ushuru wa soko, wekeni maji, vyoo safi na taa. Akina mama wanaouza hadi usiku pale njia panda walivuka miaka miwili ya njaa bila kuhama. Wanastahili kuonekana gizani.

Wenye magari, ombi langu kwenu ni dogo kabisa. Msinunue kwa kupita, muuzaji akikimbia kando ya lori lenye tela huku anatafuta chenji. Ukipita Kyumbi Jumamosi hii, egesha nje ya lami, zima injini, shuka. Ingia kwenye kibanda, kaa kwenye benchi pamoja na utingo na bodaboda, agiza chai ya maziwa, na kama ni mchana uliza kama muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, umeiva. Mwite mwenye kibanda mwaitu, kwa heshima yake ya mama. Kisha mpe mkono, umwulize habari za nyumbani, na usiuachilie mpaka amalize kujibu.