Bunge Lituchagulie Rais? Waulizeni Watu wa Mengo

Wazo hili halifi. Kila uchaguzi ukipita, na mara nyingine kabla haujafika, kuna mtu wa kulifufua: Uganda iache kuwapigisha raia wote kura ya rais, kazi hiyo wapewe wabunge. Utalisikia kwa watu wa chama tawala, kwa wapinzani waliochoka kushindwa, na hata kwa wazee wa Mengo, makao ya ufalme wa Buganda, wanaongoja nje ya Bulange kikao cha Lukiiko, bunge la ufalme huo, kimalizike. Hoja zao si za kipuuzi. Ila nyingi zinasahau kwamba nchi hii imeshalijaribu jambo hilo, na sehemu kubwa ya jaribio lenyewe ilifanyikia hapa hapa Mengo. Nitazijibu moja moja, bila kujali imetoka upande gani.

*"Ni mfumo mpya, tuupe nafasi."*

Kilicho kipya Uganda ni kura ya moja kwa moja. Raia walimchagua rais wao kwa mara ya kwanza tarehe 9 Mei 1996, miaka 33 na miezi saba baada ya uhuru. Kabla ya hapo, Oktoba 1963, Bunge lilimchagua Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, kuwa rais wa heshima, na walioruhusiwa kuwania walikuwa watawala wa jadi na wakuu wa kikatiba wa wilaya tu. Waziri Mkuu Milton Obote akajipandisha kuwa rais mwaka 1966. Idi Amin akaja na bunduki mwaka 1971. Yusuf Lule aliteuliwa mwaka 1979 na mkutano wa wakimbizi wa kisiasa uliokaa Moshi, Tanzania. Baada ya siku 68 baraza la watu wachache likamwondoa na kumweka Godfrey Binaisa. Desemba 1980 Obote alirudi Ikulu kwa sababu chama chake, UPC, kilitangazwa kuwa na wingi wa viti bungeni. Hakuna karatasi ya kura iliyouliza nani awe rais. Kisha bunduki tena, 1985 na 1986. Mfumo huu umeshapewa nafasi zaidi ya moja.

*"Wawakilishi ni watu wenye busara. Umma hupelekwa na mihemko."*

Hoja hii inastahili jibu refu, kwa kuwa jibu lake limesimama Bulange, mwisho wa barabara ya Kabakanjagala.

Katika mkutano wa katiba uliofanyika London mwaka 1961, Mengo ilijipatia haki ya pekee. Viti 21 vya Buganda katika Bunge la Taifa vingeweza kujazwa na Lukiiko badala ya wapiga kura. Februari 1962 watu wa Buganda wakachagua wajumbe wa Lukiiko. Kabaka Yekka, chama kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja, kikachukua viti 65 kati ya 68 vilivyogombewa, chama cha DP kikaambulia vitatu. Lukiiko ikaketi, na viti vyote 21 vya Bunge vikaenda kwa Kabaka Yekka.

Waganda walioipigia DP kura walikuwapo, tena si wa kuhesabu kwa vidole. Lakini kura zao zilichujwa mara mbili, na zilipofika Bungeni hazikuwa hata kiti kimoja. Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa DP, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu tarehe 1 Machi mwaka huo, hakuwa na mahali pa kupitia. Yeye alikuwa Muganda, na mlango wa Buganda ulikuwa umefungwa na Lukiiko. Uchaguzi wa Aprili ukaipa UPC viti 37 na DP viti 24 katika sehemu nyingine za nchi. Ongeza 21 vya Mengo upande wa UPC, mshirika wa Kabaka Yekka, hesabu imekwisha. Obote akawa Waziri Mkuu kwa mkono wa Lukiiko.

Niseme haki: huenda Kabaka Yekka ingeshinda vizuri hata kama kila Muganda angepiga kura ya Bunge mwenyewe. Mapenzi kwa Kabaka yalikuwa makubwa. Na mwaka 1961 DP nayo ilikuwa imebeba karibu viti hivyo hivyo vyote 21 kwa sababu Mengo iliwaambia watu wasusie, na walio wengi wakasusia. Hakuna chama kilichotoka kwenye hesabu hizo kikiwa safi. Lakini anayesema wajumbe wateule huona mbali kuliko umma aeleze haya: wenye busara wa Mengo walimpa Obote madaraka mwezi Aprili 1962, na tarehe 24 Mei 1966 askari wake, chini ya Idi Amin, wakaivamia Lubiri, kasri la Kabaka. Kabaka aliruka ukuta wa nyumba yake mwenyewe, akadaka teksi iliyokuwa ikipita, akaenda uhamishoni na kufia London mwaka 1969. Jengo la Bulange, ambamo Lukiiko ilipiga kura ile, likageuka makao ya Wizara ya Ulinzi.

Sisemi kura ya kupitia Lukiiko ndiyo iliyoleta risasi. Yalikuwepo mengine mengi, yakiwemo yale ya kaunti zilizopotea na kura ya maoni ya 1964. Nasema tu kwamba busara iliyoahidiwa haikuonekana.

*"Rais akichaguliwa na Bunge, Bunge linaweza kumwondoa. Tazama Afrika Kusini."*

Tumetazama. Thabo Mbeki aliondoka mwaka 2008 na Jacob Zuma mwaka 2018, na kila mmoja wao alisukumwa na chama chake. Bunge lina nguvu kule kwa kuwa chama kinaweza kumwita mwenye mamlaka na kumwambia imetosha, na askari wanabaki kambini wakati hayo yakisemwa.

Sisi tulikuwa na Bunge la namna hiyo kwenye karatasi. Februari 1966 mbunge Daudi Ochieng alileta hoja ya kutaka Amin asimamishwe kazi na uchunguzi ufanyike kuhusu dhahabu ya Kongo, hoja iliyowagusa pia mawaziri na Obote mwenyewe. Bunge likaipitisha karibu kwa kauli moja. Kwa maneno ya vitabuni, serikali ilikuwa imekataliwa. Kilichofuata ni kwamba mawaziri watano walikamatwa wakiwa ndani ya kikao cha baraza la mawaziri na katiba ikasimamishwa. Aprili 15 wabunge hao hao wakapitisha katiba mpya ambayo hawakuwa wameisoma. Waliambiwa nakala zao watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Siku hiyo hiyo Obote akawa rais mtendaji. Bunge lililotaka kumchunguza mwezi Februari lilimpa nchi nzima mwezi Aprili. Anayetuahidi kwamba wabunge watamdhibiti rais waliyemchagua atuonyeshe kwanza nani atawalinda wabunge.

*"Kampeni za nchi nzima ni ghali na zinazaa rushwa."*

Ghali ni kweli. Kuhusu rushwa, hebu tufanye hesabu ya sokoni. Bunge lililoapishwa mwaka 2021 lilikuwa na wabunge zaidi ya 520. Anayetaka wingi wa hapo anahitaji watu kama 265, ambao majina yao yanajulikana, namba zao za simu zinajulikana, na madeni yao ya kampeni yanajulikana pia. Anayetaka wingi wa raia anahitaji kura zaidi ya milioni tano. Wewe ungekuwa na magunia ya fedha, ungependa soko lipi?

Wala hatuhitaji kubuni. Mwaka 2004, ukomo wa vipindi vya urais ulipokuwa ukitafutiwa njia ya kuondolewa, wabunge walipewa shilingi milioni 5 kila mmoja. Mwaka 2017, zamu ya kuondoa ukomo wa umri, ilikuwa milioni 29, zikaitwa za kushauriana na wapiga kura. Askari waliingia ukumbini Septemba na kuwatoa wabunge waliopinga. Desemba muswada ukapita kwa kura 317 dhidi ya 97. Humo humo wabunge walijiongezea muda wao wenyewe kutoka miaka mitano hadi saba, na kama si Mahakama ya Katiba iliyoketi Mbale Julai 2018 kuifuta nyongeza hiyo, wangeila. Hawa ndio tunaoambiwa tuwakabidhi kura ya rais ili rushwa ipungue.

*"Italeta utulivu, hakutakuwa na watu barabarani."*

Mwaka 2022 Somalia ilimchagua rais kwa njia hii. Wabunge wenyewe walichaguliwa na wajumbe wa koo. Muda wa Rais Farmaajo ulikwisha Februari 2021. Uchaguzi ukakwama kwa zaidi ya mwaka, na Aprili ya mwaka huo risasi zikarindima Mogadishu kati ya vikosi vilivyogawanyika. Hatimaye, Mei 2022, wabunge wakapiga kura ndani ya kambi ya uwanja wa ndege chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Afrika, na Hassan Sheikh Mohamud akapata kura 214 dhidi ya 110. Barabara hazikuwa na watu kweli, kwa sababu ya amri ya kutotoka nje.

*"Marekani wenyewe hufanya hivyo."*

Hawafanyi hivyo. Raia wa kule hupiga kura Novemba, kisha kila jimbo hutuma wajumbe wake, jumla 538, wanaotarajiwa kufuata matokeo ya jimbo. Bunge lao humchagua rais tu pale ambapo hakuna mgombea aliyefikisha 270. Na hata mpango huo una maudhi yake: mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura karibu milioni tatu zaidi ya Donald Trump, akashindwa.

*"Inawalinda wadogo wasimezwe na wengi."*

Hofu hii naiheshimu, na Mengo ina sababu ya kuwa nayo. Ila viti vya Bunge havilindi wadogo. Vinalinda waliopangwa vizuri kwenye ramani. Zanzibar, Julai 1963, chama cha ASP kilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. Serikali ikaundwa na vyama vya ZNP na ZPPP vilivyokuwa na 18. Miezi sita baadaye kulikuwa na mapinduzi.

Kama shida ni rais wa eneo moja, dawa ipo ndani ya kura ya moja kwa moja yenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka mshindi avuke nusu ya kura zote na apate angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Hapo hakuna mjumbe wa kununua, na hakuna wa kuliruka eneo zima.

*"Kura ya moja kwa moja ndiyo demokrasia, nyingine zote ni wizi."*

Hili ni la wenzangu, nami silikubali. Botswana humpata rais kupitia viti vya Bunge. Oktoba 2024 chama cha BDP, kilichotawala tangu uhuru wa 1966, kilianguka hadi viti 4 kati ya 61, na Duma Boko akaapishwa siku mbili baada ya kura. (BDP ilikuwa na karibu theluthi moja ya kura, kwa hiyo ile kasoro ya ramani ilikuwepo hata hapo, safari hii ikimuuma aliyezoea kufaidi.) Sisi tunaopanga foleni wenyewe tangu 1996 hatujawahi kubadili rais kwa kura. Mwaka 2001 na 2006 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba sheria ilivunjwa, kisha majaji walio wengi, watatu kwa wawili na baadaye wanne kwa watatu, wakakataa kufuta matokeo. Mfumo wa kura hauwezi kufanya kazi ya mahakama wala ya jeshi.

Basi kwa nini niendelee kuitetea kura ya moja kwa moja? Kwa ajili ya saa kumi jioni. Kituo kinapofungwa hapa Mengo au kule Kisenyi, sanduku humwagwa juu ya meza, hadharani. Msimamizi huinua karatasi moja moja, huigeuza iwaelekee watu, hutaja jina. Umati huhesabu kwa sauti. Mawakala hutia saini fomu ya matokeo na kubaki na nakala, na watu huipiga picha kwa simu. Yanayotokea baada ya hapo, njiani na kwenye kituo kikuu cha kujumlishia, yanaweza kuwa ya aibu. Lakini muuza chapati aliyesimama pale anajua kituo chake kilisema nini, na hakuna tangazo la redioni linaloweza kumwondolea alichokiona. Mwaka 1980 Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi iliyokuwa ikitawala, alijipa mamlaka ya kutangaza matokeo peke yake. Kilichomsumbua ni watu kama huyo muuza chapati, waliokuwa wameshahesabu. Kura ya wabunge huwafanya mashahidi hao wote kuwa wasikilizaji wa redio.

Jambo la mwisho ni la kisheria, na ni la kutia wasiwasi. Ibara ya 103 ya Katiba, inayosema rais atachaguliwa na watu wazima wote kwa kura ya siri na kwa zaidi ya nusu ya kura halali, haimo katika orodha ya ibara ambazo haziguswi bila kura ya maoni. Theluthi mbili za wabunge zinatosha kuibadili. Kwa hiyo usingoje muswada ufike. Mbunge wako akija msibani au harusini, kama wafanyavyo, muulize mbele ya watu: likija suala hili, atataka raia waulizwe kwanza, au hatataka? Jibu lake liandike, na tarehe.