Ua au tuta?

Nilipotufasiria kanuni za mchezo wa vita wa mezani, Normandie 1944, neno «bocage» nililiandika «ua». Mwenzangu akalisoma, akapanga vichaka vya sponji juu ya ubao mtupu. Vifaru vikapita humo kana kwamba ni nyasi, na mchezo ukaisha kabla ya chai. Kosa ni la mfasiri, yaani mimi.

Kule Normandie kilichowazuia Wamarekani hakikuwa majani. Ni tuta la udongo lililoshikwa na mizizi, miti juu yake, na mara nyingi njia imezama kati ya matuta mawili. Kifaru kikilipanda, tumbo lake lenye chuma chembamba hubaki wazi. Ndiyo maana sajenti Curtis Culin anakumbukwa kwa meno ya chuma yaliyofungwa mbele ya vifaru ili vilitoboe.

Basi tuanze na udongo. Kwa kipimo cha 1/72, tuta la mita moja na nusu ni karibu milimita 21: kartoni, gundi, mchanga, halafu mizizi halisi. Sponji ije mwisho. Nami sasa naandika «tuta la miti», hata mwenzangu akilalamika kwamba ni refu.