Bima ya mifugo: Afadhali malipo kabla ng'ombe hajafa

Ukame ulioikumba Kenya kaskazini kuanzia mwishoni mwa 2020, mvua ziliposhindwa kwa misimu mitano mfululizo, uliangamiza zaidi ya mifugo milioni mbili kabla ya kupungua makali mwaka 2023. Wakazi wengi wa Nairobi waliisoma habari hiyo kama msiba wa watu wa mbali. Hata hivyo, si wachache mjini, wawe walimu, askari, makarani au wafanyabiashara, walio na ng'ombe au ngamia wanaochungwa na ndugu zao Marsabit, Isiolo au Wajir. Gari wamelikatia bima kwa kuwa sheria inawalazimisha. Kundi la mifugo, ambalo pengine lina thamani kuliko gari hilo, wamemwachia Mungu.

Zamani walikuwa na udhuru. Bima ya kawaida humtaka mwenye mnyama athibitishe kifo chake, na hakuna kampuni iliyokuwa tayari kutuma mkaguzi jangwani kwenda kuhesabu mizoga. Mwezi Januari 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) yenye makao yake Nairobi, pamoja na washirika wake, ilianzisha Marsabit bima ya namna nyingine. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa katika mkataba, wote waliokata bima katika eneo hilo hulipwa bila mzoga kukaguliwa. Malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba 2011.

Mwanzoni fidia ilikusudiwa kuziba pengo la mifugo iliyokwisha kufa. Mpango wa serikali ulioanza mwaka 2015 katika kaunti za Turkana na Wajir uligeuza utaratibu huo: fedha zitoke mapema, nyasi zinapoadimika, ili mfugaji anunue majani makavu, maji na dawa. Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye faida hasa. Wakati wa ukame kila mtu huuza, bei ya ng'ombe huporomoka huku ya chakula chake ikipanda. Mvua zikirudi, kila mtu hutaka kununua, na mtamba huwa haushikiki. Fedha ambazo zingemwokoa ng'ombe aliye hai huenda zisitoshe kumnunua mwingine baadaye. Utafiti uliofanywa Marsabit baada ya ukame wa 2011 ulionyesha kwamba kaya zenye bima hazikulazimika sana kuuza mifugo kwa bei ya kutupa wala kupunguza milo, zikilinganishwa na zisizo nayo.

Hata hivyo, bima hii ina kasoro ambazo wauzaji wake hawapendi kuzitaja kwa sauti. Haimlipi aliyeibiwa mifugo, wala aliyefiwa na wanyama kwa ugonjwa. Kipimo ni cha eneo zima: bonde moja likikauka huku mengine yakipata mvua, mwenye bonde hilo hupoteza ng'ombe na ada aliyolipa. Isitoshe, setilaiti huona kijani tu, haionji majani. Mti wa mathenge hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha, na mbuzi waliokula maganda yake kwa wingi wameng'oka meno. Si ajabu kwamba wafugaji wengi hawakuinunua mpaka serikali ilipowasaidia. Katika mpango wa 2015, serikali ililipa ada yote kwa kaya teule, lakini kwa idadi inayolingana na ng'ombe watano tu. Kwa Waislamu waliokuwa na shaka juu ya bima ya kawaida, huduma ya takaful ilifika Wajir mwaka 2013.

Mwenye kundi anayeishi mjini anaweza kulipa ada hiyo bila kungoja msaada. La kuangalia ni fedha zitaingia katika simu ya nani. Zikiingia katika simu yake Nairobi, mwezi wa karo, huenda zisifike kisimani kamwe, na ndugu anayechunga atabaki akitazama mifugo ikidhoofika. Jambo hilo lizungumzwe nyumbani mapema, kwa sababu mikataba huuzwa kabla ya mvua kuanza. Mawingu yakishakosekana, hakuna wakala atakayekubali kuuza.