Kindege cha Povu Kwanza, Droni Baadaye

Vijana wa Kiwangwa na Makurunge mnaniuliza: "Bwana shamba, nikope ninunue droni ya kukagulia shamba?" Jibu langu: bado. Anza na kindege cha rimoti cha povu gumu, kama lile la maboksi ya samaki.

Kitengeneze kwa vipande: pua, mabawa na mkia, ufunge kwa raba bendi. Changu kiliangukia kwenye mananasi, bawa likavunjika. Nikakata bawa jingine, basi. Mota na betri vilikuwa salama. Ingekuwa droni ya mkopo, leo ningekuwa nadaiwa.

Usidhani ni mchezo wa watoto. Zanzibar, ng'ambo tu ya hapa, mradi wa ramani wa 2016 ulitumia eBee, droni ya povu yenye mabawa ya kuchomoa.

Kabla ya kurusha, kiinue kwa vidole viwili chini ya mabawa, karibu theluthi moja kutoka mbele. Kikilalia mkia, sogeza betri mbele. Jaribu asubuhi, upepo wa bahari haujachanganya, tena bila kamera. Na suala la kibali, waulize TCAA mapema.

Ukikitua salama mara 20, njoo tuongee droni.