Mwandishi wa habari na macho ya jirani

Jamani, kila anayemshauri mwandishi wa habari siku hizi anasema: weka Signal, umemaliza. Uongo! Signal hufumba ujumbe ukiwa njiani. Ukishafika kwenye skrini ni maandishi ya kawaida, na abiria wa kiti cha nyuma kwenye matatu atalisoma jina la mtu aliyekupa siri, hata kama hajawahi kugusa kompyuta.

Lawama nazielekeza kwetu sisi tunaounda programu. Simu nyingi za Android huonyesha kila herufi ya neno la siri kwa muda kabla ya kuigeuza nukta. Na arifa je? Simu imefungwa, imelala mezani, lakini inatangaza ujumbe kama redio! Signal inaweza kuficha jina na ujumbe kwenye arifa, ila lazima uingie kwenye mipangilio ukatafute mwenyewe. Kwa nini?

Mwandishi, yazime hayo leo. Kioo cha faragha humzuia aliye kando tu, aliye nyuma yako anaona kila kitu, kwa hiyo kaa mgongo ukutani. Mimi programu ninayoiandika sasa haitaonyesha ujumbe kwenye arifa mpaka mwenye simu aombe.